Mtoto wa tarehe 3 mwezi wa 7 aliyeitwa mtoro wa chanjo

Sehemu ya 1

 Najua niliahidi wiki hii tuongee uji wa mtoto anayeanza kula. Uji utasubiri kidogo.

Juzi dada mmoja amenitumia picha mbili. Anamlea mtoto wa marehemu dada yake, alimchukua kutoka Mbamba Bay akiwa tayari anatembea. Picha ya kwanza ni kadi ya kliniki, imeandikwa kwa mkono: amezaliwa 04/09/2023. Picha ya pili ni karatasi iliyotoka kwenye printa: amezaliwa 09/04/2023. Anataka kwenda kumfuatilia cheti cha kuzaliwa RITA. Ananiuliza, "Sista, nishike ipi?"

Nimeziangalia zile picha mpaka chai imepoa. Mama yake angekuwepo swali hili lisingekuwepo, maana hakuna mama anayechanganya Aprili na Septemba ya kujifungua kwake. Lakini mama hayupo, na zilizobaki ni namba mbili zinazobishana. Jibu langu lipo mwishoni, kwanza niwaeleze kwa nini nilishindwa kumjibu palepale. Kosa la namna hii nimeliona kwa macho yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake.

Sehemu ya 2

Kulikuwa na kipindi nilipelekwa kusaidia kliniki ya watoto kwenye kituo kimoja, si lazima nikitaje. Majina ya watoto yalikuwa kwenye vitabu vya MTUHA kama kawaida, halafu mtu akaja na wazo zuri: tuyaingize kwenye kompyuta, kwenye jedwali la Excel, ili kompyuta itutolee orodha ya watoto waliofikisha miezi tisa bila kuchomwa sindano ya surua na rubella. Kwa lugha yetu ya kliniki hao tunawaita watoro. Jina baya, lakini ndilo tunalotumia.

Januari 2025 orodha ikatoka. Nikagawiwa majina ya kupigia simu. Mmoja alikuwa mama mkazi wa hapa Kitai, kwao Lituhi, mume wake yuko kwenye malori ya makaa ya mawe. Nikampigia na sauti yangu ile ya kinesi mnayoijua: "Mama, mbona umetoroka chanjo? Mtoto ana miezi kumi sasa." Yule mama akanyamaza, halafu akasema, "Nakuja sista." Mvua ya Januari mnaijua. Akaja na tope mpaka magotini, mtoto kamfunika kwa nailoni.

Tukampima mtoto. Binti, kilo 6.5. Kompyuta ilikuwa inasema ana miezi kumi, na kwa binti wa miezi kumi kilo 6.5 iko chini ya mstari. Nikamwambia mama mtoto ana uzito pungufu. Nikaanza na maswali yetu: unamnyonyesha mara ngapi, unampa nini, nyumbani mnakula nini. Yule mama akaanza kulia. Akasema mama mkwe wake anamwambia kila siku maziwa yake ni maji matupu, sasa na mimi nesi nimesema.

Nikachukua sindano. Kabla sijaivuta dawa nikamwangalia mtoto vizuri, maana tunafundishwa kuangalia mtoto kwanza, makaratasi baadaye. Mtoto anakaa kwa kuyumbayumba, mama kamwekea mkono nyuma. Hana jino. Hajaribu hata kutambaa. Nikamuuliza mama, "Huyu umemzaa lini kweli?" Akajibu bila kufikiria: "Tulikuwa tunachuma kahawa."

Kahawa ya Mbinga haichumwi mwezi wa tatu, mwezi wa tatu bado iko kijani mtini. Nikaomba kadi: 03/07/2024. Kompyuta ikasema: 7 Machi 2024. Yule mtoto alizaliwa tarehe 3 Julai. Alikuwa na miezi sita na siku chache, na kilo 6.5 kwa binti wa miezi sita iko ndani ya mistari. Hakuwa na uzito pungufu. Hakuwa mtoro. Mama yake hakuwa na kosa lolote, na tarehe yake ya surua ilikuwa 3 Aprili 2025, miezi mitatu mbele.

Kwa wasiojua, hatungoji miezi tisa kwa uvivu. Mtoto anazaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu inaizuia chanjo ya surua isishike vizuri. Ningemchoma siku ile, kwenye kitabu angeonekana amekamilisha dozi ya kwanza, na mwilini labda isingekuwa hivyo.

Nilimwomba radhi yule mama. Alicheka kwa aibu akasema, "Basi andika hapo kwenye kadi maziwa yangu yako sawa, nikamwonyeshe bibi yake." Nikaandika.

Sehemu ya 3

Sasa twende kwenye kompyuta yenyewe. Msikimbie, nitaeleza kama nilivyoelezwa.

Nina mtoto wa dada yangu anayeandika programu za biashara, za maduka na za maghala. Nilimpigia nikamsimulia, akacheka kabla sijamaliza. "Mama mdogo, hiyo kompyuta imewekewa mpangilio wa Marekani." Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani wanaandika mwezi, siku, mwaka. Kompyuta nyingi zinanunuliwa zikiwa zimewekwa kimarekani, na hakuna anayezibadilisha. Wewe unaandika 03/07/2024 ukimaanisha tatu Julai, yenyewe inasoma mwezi wa tatu, siku ya saba. Haikuulizi wala haipigi kelele. Imeshaelewa, kwa upande wake.

Nikamuuliza, "Mbona watoto wengine tarehe zao ziko sawa?" Akanijibu kwa swali: "Kuna yeyote kwenye hiyo orodha ya watoro aliyezaliwa tarehe 13 kwenda juu?"

Nikaipitia orodha kwa kidole. Hakuna hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa hiyo someni polepole. Ukiandika 25/02/2024 kwenye kompyuta iliyowekwa kimarekani, inatafuta mwezi wa 25 haiupati. Haiwezi kuigeuza kuwa tarehe, inaiacha kama maneno tu, kama vile umeandika "ndizi". Kwa macho yako iko palepale, imeandikwa vizuri kabisa. Dalili yake ni ndogo: zile ilizozielewa kuwa tarehe zinakaa upande wa kulia wa kisanduku, zile ilizozifanya maneno zinakaa kushoto. Nilikuwa nimeliangalia jedwali lile mwezi mzima nikadhani ni mapambo.

Sasa ukiiambia ihesabu miezi ya "ndizi", inatoa kosa. Na aliyetutengenezea jedwali, kwa kutaka lipendeze, alikuwa ameweka fomula kwamba ikikutana na kosa iache nafasi wazi. Kwa hiyo watoto wote waliozaliwa kuanzia tarehe 13 hawakuwa na umri. Asiye na umri hafikishi miezi tisa. Hawakuwa wakitokea kwenye orodha hata siku moja.

Yule binti wa kahawa tulimwita bure. Lakini kulikuwa na mvulana wa tarehe 25 Februari 2024, ana karibu miezi kumi na moja, hajachomwa surua, na hakuna aliyempigia simu mama yake. Kompyuta ilikuwa inatuambia hayupo. Tulimpata kwa kurudi kwenye kitabu cha karatasi, ukurasa kwa ukurasa, usiku, mimi na mwenzangu, kwa taa ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema vitabu vya MTUHA vimepitwa na wakati, vichomwe, nanyamaza tu.

Kijana wangu akanifundisha hesabu moja. Tarehe zinazoweza kusomeka kwa namna zote mbili ni zile za siku ya 1 hadi ya 12 kwa kila mwezi, jumla 144. Toa zile ambazo hata ukigeuza hazibadiliki, kama 5/5 au 8/8, ambazo ni 12. Zinabaki 132 kwa mwaka. Zaidi ya theluthi moja ya siku za mwaka, mtoto akizaliwa siku hiyo, tarehe yake inaweza kupinduliwa na kompyuta isione ajabu yoyote. Waliozaliwa kuanzia tarehe 13 wanakuwa "ndizi".

Sehemu ya 4

Maoni yangu sasa, na najua kuna wenzangu kazini watanuna.

Tukikuta tarehe zimevurugika, neno la kwanza tunalosema ni "hawa akina mama hawajui tarehe za watoto wao." Nimelisema mimi pia, silikatai. Lakini yule mama alijua tarehe, alijua na msimu. Aliyekuwa hajui ni sisi. Neno la pili tunalosema ni "muwe makini mnapoandika." Aliyeingiza yale majina alikuwa makini sana, hakukosea hata herufi moja. Aliandika sahihi, ikageuzwa baada ya kidole chake kutoka kwenye kitufe. Umakini hausaidii kwa kosa usiloliona.

Nataka mwezi uandikwe kwa herufi. Basi. 3 Jul 2024. Mganga mfawidhi mmoja aliniambia nafasi kwenye kadi ni ndogo. Jul ni herufi tatu, 07 ni mbili. Tumebishania herufi moja? Cheti cha ubatizo cha bibi yangu mwezi wake umeandikwa kwa namba za Kirumi, siku kwa namba za kawaida, na mpaka leo huwezi kukisoma kinyume. Watu wa zamani walikuwa na karatasi na kalamu ya wino tu.

Na nyie vijana mnaoandika programu, najua wengine mmeoa na wake zenu wapo humu, watawasomea. Nilimuuliza kijana wangu yeye anafanyaje kwenye biashara, maana mwenye duka akipata tarehe mbovu anadai deni kabla ya siku yake. Aliniambia hakubali programu ibahatishe. Anaiambia mapema: tarehe zinazokuja hapa ni siku-mwezi-mwaka, usikisie. Ikishindwa kusoma, isiweke wazi, isiweke sifuri, isiweke tarehe ya leo. Iiweke pembeni kwenye orodha ya zilizogoma, na maneno yaleyale yaliyoandikwa yabaki kama yalivyo, mtu mwenye akili akaangalie. Na ndani ya programu anazihifadhi kwa mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku: 2024-07-03. Anasema huo ni utaratibu wa kimataifa, una namba yake, ISO 8601, umekuwepo tangu 1988. Ajabu ni kwamba wengi wenu mnatembea nao mfukoni. Angalia namba yako ya NIDA, ile ya tarakimu 20: nane za mwanzo ni mwaka wako wa kuzaliwa, mwezi, siku.

Hapo mnaona ninapokwenda. Kadi ya kliniki inazaa cheti cha kuzaliwa, cheti kinazaa namba ya NIDA, na NIDA inaombwa kila mahali, mpaka kusajili laini ya simu. Tarehe ikipinduka kwenye kadi leo, miaka kumi na nane mbele kijana wako anaanza kuzunguka ofisi na viapo.

Aliniambia pia kitu cha kuchekesha kuhusu sifuri. Programu nyingi zinahesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Zikikosa tarehe zikaandika sifuri, mtoto wako anatokea amezaliwa 1970, anakuzidi wewe mama yake. Hilo mimi nalipenda, kwa sababu linaonekana. Kosa la kuchekesha utaliona. La kuogopa ni lile la miezi minne.

Sehemu ya 5

Wajawazito, hii ni yenu, na kwangu ni nzito kuliko ya chanjo.

Tarehe ya matarajio tunaipata kwenye siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Tunaongeza siku saba, tunarudi nyuma miezi mitatu, tunaweka mwaka unaofuata. Hedhi ya 4 Mei inatoa matarajio ya 11 Februari. Ikiandikwa 04/05 na mwingine akaisoma 5 Aprili, matarajio yanakuwa 12 Januari. Tarehe 19 Januari unafika hospitali, karatasi inasema wiki 41 zimepita, mtoto amechelewa, tuongee habari ya kuanzisha uchungu. Kumbe mtoto ana wiki 37. Mtoto aliyetolewa kabla hajawa tayari anaweza kuhangaika na pumzi, na mama anayeanzishiwa uchungu bila sababu anapitia mateso ambayo hayakuhitajika. Kwa hiyo ukiulizwa hedhi ya mwisho, taja mwezi kwa jina, useme "tarehe nne mwezi Mei", halafu chungulia kilichoandikwa. Nesi akikukunjia uso, mwambie nimekutuma mimi.

Kuna na suala la saa, na hili ni letu wenyewe, Wamarekani hawamo. Mama anasema, "Nimejifungua Jumapili usiku saa nane." Kwa Kiswahili chetu usiku ule bado ni wa Jumapili mpaka kuche. Kwa kompyuta siku imeshabadilika saa sita usiku, saa nane ni saa 2:00 ya Jumatatu. Nimewahi kuona pia saa nane ya usiku imeingizwa 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Waliozaliwa usiku ule wanapotea siku nzima. Semeni "usiku wa kuamkia Jumatatu", mkunga ataelewa.

Na ndugu zangu wa ufukweni, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay: ng'ambo ya ziwa Malawi, na kusini Msumbiji, wako saa moja nyuma yetu. Simu ikidaka mtandao wa jirani inajirudisha saa moja bila kukuambia. Mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku kwa saa yetu, kwa simu hiyo ni saa tano na nusu, tarehe ya jana. Tumieni saa ya ukutani.

Wenye programu nao wana la kwao hapo. Kijana wangu anasema tarehe tupu ikihifadhiwa kama saa sita kamili usiku ya Tanzania, halafu mfumo ukaigeuza kwenda saa za Greenwich, inakuwa saa tatu usiku ya siku iliyotangulia. Mtoto wa tarehe 3 anachapwa tarehe 2. Dawa yake ni kuihifadhi tarehe ya kuzaliwa kama tarehe tu, bila saa. Sikuelewa yote lakini nimeandika kama alivyosema, anayehusika atajua.

Dawa za dukani nitapita haraka: ikiandikwa EXP 08/2026, ni mwezi na mwaka, inatumika mpaka siku ya mwisho ya Agosti. Ikiwa na namba tatu kama 05/06/26 na dawa imetoka nje, muulize mfamasia, usikisie kwa ajili ya mtoto.

Sehemu ya 6

Turudi kwa yule dada wa picha mbili.

Nilitaka kumwambia ashike kadi ya mkono, atupe ya printa. Baada ya yote niliyoyaona, ungenihukumu? Kompyuta ndiyo iliyoniabisha mbele ya yule mama wa Lituhi. Lakini nikakumbuka kahawa. Nikamwambia, usiniulize mimi, piga simu Mbamba Bay, uliza majirani waliokuwepo siku marehemu anajifungua walikuwa wanafanya nini.

Jana amenijibu kwa sauti. Jirani mmoja, mama wa makamo, anakumbuka vizuri sana: walikuwa wametoka kanisani, ilikuwa Pasaka, wakakuta uchungu umeshaanza, kitenge cha sikukuu ndicho kilichotumika kumfunika mtoto.

Nikafungua kalenda ya mwaka 2023. Pasaka ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Aprili.

Karatasi ya printa ilikuwa sahihi. Kadi ya mkono ndiyo iliyokuwa mwongo. Nikaikuza ile picha, nikaona kadi ni safi mno kwa mtoto wa umri ule, na mwandiko wa mizani yote ni wa kalamu moja. Ile kadi iliandikwa upya, ya kwanza labda ililowa au ilipotea, na aliyeinakili bila shaka alikuwa anasoma kwenye kioo cha kompyuta iliyotanguliza mwezi. Akanakili kwa uaminifu kabisa. 04/09.

Nimemwambia aende na zote mbili, na jina la yule jirani, na akitoka tu RITA asisome jina la mtoto kwanza, asome tarehe. Leo naingia zamu ya usiku mpaka asubuhi. Nendeni mkatoe kadi kwenye mifuko ya nailoni, muangalie tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kurudi, aliyekuta utata aniandikie hapa chini: mwezi kwa herufi tafadhali. Uji wa miezi sita tutaongea Jumamosi.